Makala Aliyoitaka Baba

Moshi, 4 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo ya uuguzi yanakwenda, na mvua za huku mjini zimetuletea tope hadi mlango wa bweni. Mama anaendeleaje na mguu? Na kifua chako? Niambie ukweli, usiandike "nipo salama" kama kawaida yako.

Barua hii nampa Julius wa gari la maziwa, kwa sababu kwenye simu nikitaja mlima tu unasema mtandao unakatakata.

Nimepata ujumbe wako. Unasema msaidizi wako Denis alikusomea kwenye simu muhtasari wa utafiti, kwamba waongozaji na wapishi wengi wa mlimani waliowahi kujaa maji mapafuni huko juu walirudi kazini na hawakuugua tena. Unataka makala yote umpelekee bosi, akupe kundi la wageni la Desemba. Baba, ni Septemba tu walipokushusha kutoka kibanda cha Kibo kwa machela, midomo imegeuka rangi. Daktari alisema usipande tena. Lakini umeniomba, nami nimetafuta.

Nikitafuta kwenye simu napata muhtasari uleule, kisha mlango unafungwa, wanataka malipo. Nikaenda maktaba ya chuo. Mkutubi, Mama Zita, akaniambia, "Usiingilie dirishani, mwanangu. Pitia ukurasa wa maktaba kwa namba yako ya usajili, ndipo majarida yatajua wewe ni wa hapa." Tulipoandika maneno ya kutafuta zikaja makala maelfu, nyingine za kondoo wa milimani. Akanionyesha kuyafunga maneno kwa alama za nukuu, kuchagua miaka, na kutia tiki penye "makala kamili". Nilipotia tiki, makala yako ikatoweka. Chuo hakipokei jarida lile. Mama Zita ameiomba kwa maktaba ya chuo kingine. Tunasubiri.

Usimwahidi bosi kitu.

Binti yako,
Theodora


Marangu, 11 Novemba 2024

Mwanangu Theodora,

Marahaba. Huku tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, jana alikwenda misa bila kushikwa mkono. Kahawa zimeiva, tunachuma. Kifua kimetulia, isipokuwa nikipanda kutoka mtoni na majani ya ng'ombe.

Kuna kitu sijaelewa. Makala imeandikwa, imekamilika, halafu inafungiwa? Nani asiisome? Humo waliochunguzwa si ni watu kama sisi?

Mlima naupanda tangu hujazaliwa. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikawa mpishi, nikawa mwongozaji. Sasa asubuhi vijana wanapita hapa na mabegi yao, wananiambia "Shikamoo mzee" kwa sauti ile ya kumwamkia mtu aliyestaafu. Nakwenda kihambani, shamba letu la nyumbani, nakata migomba, narudi kukaa. Mama yako anasema napumzika. Mimi naona naozea barazani.

Bosi ameniambia, "Aristides, niletee karatasi ya kitaalamu, kundi nitakupa." Daktari alinitazama mara moja tu. Hao wa makala wametazama watu wengi. Mambo ya tiki na nukuu niachie. Mimi nataka karatasi.

Baba yako,
Aristides


Moshi, 2 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi ya kahawa. Mimi sijambo, ila mitihani imekaribia na usingizi umekuwa haba.

Makala imefika. Mama Zita aliniita kutoka darasani. Niliisoma pale pale maktaba, ukurasa kwa ukurasa, na majedwali yote.

Muhtasari wa Denis haukudanganya. Wengi kweli hawakuugua tena. Lakini ndani wameeleza hao wengi ni akina nani: ni wale waliobadilisha kazi yao. Wengine waliishia vibanda vya katikati ya mlima, wengine walipanda polepole na kuongeza siku za kupumzika. Waliopanda kwa mwendo wao wa zamani, zaidi ya nusu waliugua tena. Mmoja alikuwa mpishi. Alianza na kikohozi kikavu, akasema ni vumbi, akaendelea kupanda. Wenzake walimkuta amefariki hemani. Kwenye muhtasari hayumo.

Nimekaa na makala hii siku kadhaa, Baba. Nilifikiri nikuambie haikupatikana. Ungeniamini. Lakini ungebaki na ule muhtasari. Kwa hiyo nakutumia yote, na kurasa zinazokuhusu nimezitafsiri kwa mkono wangu. Ukitaka kumpa bosi, mpe yote.

Haisemi usiguse mlima. Ila kikohozi kikianza, unashuka siku ileile. Hungoji.

Nijibu upesi.

Binti yako,
Theodora


Moshi, 12 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Julius anasema bahasha alimkabidhi Mama kwa sababu hukuwepo. Simu yako haipatikani. Nimempigia Mama, amesema, "Baba yako amekwenda kazini," kisha nikamsikia analia.

Baba, umepanda na muhtasari?

Theodora wako


Marangu, 19 Desemba 2024

Mwanangu Theodora,

Marahaba, mwanangu. Niko nyumbani. Nimepita hospitali, wamenisikiliza kifua na kunipiga picha, safari hii maji hayakuwahi kujaa. Mama yako hajambo, ila hasemi nami sana. Ana haki.

Ndiyo, nilipanda. Bosi alichoka kusubiri, Denis akamwonyesha ule muhtasari kwenye simu, naye bosi akasema unatosha. Wageni walikuwa mtu na mkewe. Mama yako alimpa bahasha Efraimu, mpagazi, aliyekuwa anapandisha mboga, akamwambia asirudi mpaka nimeisoma.

Ilinikuta kibanda cha pili, Horombo. Wageni walikuwa wanakunywa supu. Nilikuwa nakohoa tangu kibanda cha kwanza, Mandara, na nilishamwambia Denis ni vumbi. Nikasoma mwandiko wako mpaka nikafika kwa yule mpishi.

Nikamwita Denis nje. "Kesho kundi unaongoza wewe."

"Na wewe, kaka?"

"Nashuka sasa hivi, jua lingalipo."

Alitaka kubisha, nikampa karatasi asome. Alipomaliza akaniletea koti langu. Wageni niliwaambia mwenyewe. Yule mke akauliza kama nimechoka. Nikamwambia sijachoka, ni mapafu.

Bosi anasema tutaongea Januari. Sijui atasema nini, wala sijui nitamjibu nini.

Nilishuka na Efraimu. Njiani tulikutana na wapagazi wanaopanda, vijana ninaowajua. Wakanizunguka kunisalimia. Mwongozaji hashuki katikati ya safari ila na mgonjwa, basi mmoja akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mzee, mgeni wako aliyeumwa yuko wapi?"

Nikamwambia, "Leo mgeni ni mimi."

Walisogea pembeni wote, wakanipisha. Efraimu akanyoosha mkono achukue begi langu mgongoni. Tangu niwe mwongozaji hakuna aliyewahi kunibebea begi. Nikalivua, nikampa.

Baba yako,
Aristides