Mnara wa Vijiwe

Jumatano, Mlandizi

Na kosa ni langu, mimi ninayewafokea watu magazetini waite vitu kwa majina yake!

Nilimwomba fundi Shabani anichongee mnara wa mbao, wenye tundu juu na mlango chini, wa kudondoshea "vijiwe". Niliona haya kutaja dadu. Ni zawadi ya binti yangu Neema, kwa ule mchezo wa mezani wa dadu na hadithi za kutisha anaokuja kucheza nami. Tangu tulipogombana kwa sababu ameacha chuo, ni pale mezani tu anaponisemesha.

Leo nimeufuata. Amenichongea mnara wa msikiti, wenye mwezi kileleni. Mzuri ajabu.

"Na hivyo vijiwe ni vya nini, Mama Neema?"

"Dadu."

Akauvuta kwake. "Kamari? Ndani ya mnara wa msikiti?"

"Si kamari, Shabani. Ni hadithi tu, za mizimu."

"Na mizimu tena! Astaghfirullah. Ungesema tangu mwanzo ningekuchongea gofu la jumba bovu, na popo juu."

Nimebishana naye hadi wateja wakaacha kuchagua vitanda wakatusikiliza. Bure. Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniudhi. Gofu litakuwa tayari wiki ijayo. Neema anakuja Jumamosi hii.

Nitampokea mikono mitupu. Labda nimwombe radhi tu, kwa yale niliyomwambia.

Nimejaribu kuandika ujumbe mara nne. Kila nikianza na "nisamehe", sentensi ya pili inakuwa hoja.