Mzizi Niliouchimba Mimi

Nyanungu, Tarime.
Jumatano, 13 Machi 2024.

Mpendwa kaka Mwikwabe,

Shikamoo kaka. Huko Tunduru mnaendeleaje? Wifi Philomena kifua kimeachia? Huku mvua imeanza vizuri, mahindi yameota. Magoti ya mama yamevimba tena, na mimi tangu wiki iliyopita chakula hakipiti. Basi, salamu zitoshe, maana nikiendelea nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Jirani yetu Heche amelazwa hospitali. Alikuja kwa mama na tumbo lake lile la siku zote, akanywa dawa, haikupita saa moja akaanguka, anatapika, hajitambui. Sasa amezinduka lakini mkono wa kulia hauinuki. Ndugu zake wanasema mama amemlisha sumu kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Mama yetu, kaka! Aliyemzalisha mke wake watoto wote wanne!

Wazee wameitisha ritongo Jumamosi, ukoo mzima ukae, usikilize, uamue. Mama ametakiwa kula kiapo mbele ya watu kwamba dawa aliichimba kwa mkono wake na hakuwa na nia mbaya. Unaujua mwiko wa nyumba yetu: mzizi hauagizwi, mganga anauchimba mwenyewe.

Kaka, hakuuchimba yeye. Niliuchimba mimi.

Magoti yalimgomea, akanipa kijembe chake, akanielekeza: kando ya kichuguu, mzizi wenye ganda jekundu. Bodaboda alikuwa ananipigia honi, nachelewa soko la Sirari. Nikachimba wa kwanza niliouona. Harufu yake niliisikia si yenyewe, nikanyamaza. Mama alikuwa na mafua, akautwanga tu bila kujua. Mjinga mimi, tena mjinga kabisa!

Nimemwambia nitasimama niseme. Amekataa katakata. Anasema nikijitaja, ndugu wa Heche watanifukuza kijijini mimi na binti yangu Elieth, na kwamba yeye ni mzee, hiyo laana itamkuta amebakiza mifupa. Eti! Kama vile laana inauliza umri. Kiapo cha uongo kinakula nyumba nzima, na wewe na wanao mumo humo. Na hata kisingekula mtu, mama aape uongo kwa sababu ya haraka zangu? Hapana. Sitaki.

Unakumbuka ile hadithi yake tulipokuwa tunapukuchua mahindi, ya mwanamke aliyeapa uongo kumficha mwanawe? Jana mchana watoto walimwomba. Akaanza vizuri, wimbo wake akauimba, alipofika kwenye kiapo akanyamaza. Elieth akamuuliza, "Halafu, bibi?" Akajibu kwamba amesahau. Mama, asahau hadithi! Nilitoka nje nikalia.

Simu nimeiogopa, humu ndani kila neno linasikika. Barua nitampa Erasto, dereva wa basi. Itakapokufikia nitakuwa nimeshasema. Wakinifukuza nipokee, na ukishindwa kutupokea wote wawili, mpokee Elieth. Wakiniacha, nitamlimia Heche shamba lake mpaka mkono upone, nimeshaamua.

Kaka, nilikuwa nimeweka kalamu chini, mama akaingia. Hakuuliza naandika nini. Amewaita watoto, amewamalizia hadithi yote, mpaka pale nyumba ya yule mwanamke inapobaki majivu. Halafu amenigeukia: "Jumamosi tunakwenda wote. Kijembe utabeba wewe."

Nisalimie wifi na mwanetu Elia, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu wa baba zetu awafunike huko, na sisi atutazame Jumamosi.

Mdogo wako akupendaye, ambaye leo chakula kimepita,

Mokami