Safu ya Tatu ya Mama Skola

Mke wangu, Mama Skola,

Uniwie radhi kukusumbua huko ulikopumzika, tena kwa barua ya hasira. Nimejaribu mara mbili kuiandika kwa upole, nikashindwa.

Unalikumbuka darasa la elimu ya watu wazima, tulipokwisha kuhamishiwa kijiji kipya kule Namswea? Niliwapa jaribio: mahindi, mbuzi, kahawa, samaki na uyoga, mvigawe katika safu mbili, mimea na wanyama. Wewe ulichora safu ya tatu, ukauweka uyoga humo peke yake.

"Mama Skola, uyoga ni mmea," nilisema. "Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Mwalimu, mmea hujipikia juani. Uyoga unakula nyasi tunazozifukia kwenye matuta ya ngolo, yale yanayozunguka vishimo vya shamba letu. Fukua uone nyuzi zake nyeupe zinavyotafuna!"

"Kitabu kimesema, mama."

"Basi hicho kitabu hakijawahi kushika jembe."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa fedheha ya mume aliyechekwa, nikakuwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, kubwa kuliko jibu lenyewe. Hukurudi darasani. Jina lako ulikwisha kujua kuliandika. Lakini tangu siku ile, hata Skola alipofunga ndoa pale Mapera, uliweka dole gumba kwenye kitabu cha parokia, huku ukinitazama.

Jana binti wa Skola alinisomea kitabu chake cha baiolojia. Uyoga, ukungu na hamira si mimea wala si wanyama. Ni kundi kuu linalojitegemea, kwa kuwa havijitengenezei chakula kama mimea, wala havikimezi kama wanyama.

"Babu, mbona umenuna?"

Nimenuna, ndiyo! Nimekikasirikia kitabu kile cha zamani, na walionifundisha kukiinamia. Nimekukasirikia hata wewe, unisamehe, kwa kuondoka kabla sijashindwa mbele yako. Lakini anayenichoma zaidi ni yule mwalimu aliyelima ngolo pamoja nawe miaka yote ile, yeye akilaza nyasi, wewe ukizifukia, asiinue hata donge moja kutazama.

Nimelitafuta daftari lako sandukuni ili niifute alama ile. Ukungu umekwisha kulila.

Pumzika, mke wangu; mimi bado sijatulia. Na hapa chini sitii sahihi. Nimeweka dole gumba.

Mumeo,
Baba Skola