Mdhamini wa Nne

Mpendwa mpwa wangu Loretta,

Unisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Theluji imeyeyuka na paka wako amenenepa.

Jana Wendell, mumeo uliyemkimbia, aliniletea pai ya matofaa. Anaomba kibali cha kubeba bastola chini ya koti, na sheria ya jimbo letu inadai wadhamini wanne wa tabia njema. Watatu anao; wa nne anataka niwe mimi.

"Mwalimu, nipambe kidogo," alisema akicheka. "Si wewe uliyenifunza adabu?"

Hajui kwamba niliupiga picha mkono wako aliouvunja. Uliniomba ninyamaze, lakini nimechoka kunyamaza. Fomu nimeijaza bila kuficha neno, nikaambatisha picha, nikampelekea mwenyewe hakimu anayetoa vibali.

Uamuzi utasomwa Alhamisi. Nitakaa mbele mahakamani, nimtazame Wendell usoni, kisha nitakuandikia.

Shangazi yako,
Hester