Dawa za Kampene

Jumanne, 18 Februari 2025

Bukavu imeanguka mikononi mwa waasi. Redio inasema hivyo tangu juzi, lakini leo ndiyo nimeamini, kwa sababu Mama Mkubwa ameizima kabla ya habari kwisha. Hajawahi kuizima.

Dawa zetu zilikuwa zinapitia huko. Zilizobaki ziko chini ya kitanda chake. Yeye ndiye kiongozi wa mtandao wa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI katika Maniema – Kindu, Pangi, Kampene, mpaka Punia – na watu wanamwita Mama Présidente. Mwenyewe si mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mdogo wake, marehemu mama yangu. Na mimi, tangu kuzaliwa. Shuleni hakuna anayejua. Hata hapa naandika huku naangalia mlango!

Mchana tumefunga dawa za Kampene. Kazi hii niliijua kabla ya kujua kusoma: unatoa vidonge katika vikopo, unavitia katika vifuko pamoja na pamba, ili visilie njiani. Watu wetu wanauogopa mlio ule kuliko ugonjwa. Vikopo na karatasi zake tunachoma, jirani asione. Mama Mkubwa ndiye aliyewafundisha wote.

Kaka Djamali, mtoto wa mjomba, atazipeleka kwa pikipiki. Nimemwambia njia ni mbaya siku hizi. Akacheka: nikichelewa, ujue nimeoa kule.

Sikucheka.

Jumatano, 19 Februari

Ameondoka alfajiri. Mvua. Nimesoma ukurasa mmoja wa biolojia asubuhi nzima.

Alhamisi, 20 Februari

Wamemkamata! Kwenye bariera, kizuizi cha askari ng'ambo ya mto, hata njia ya Pangi hajaishika vizuri. Mwenye mtumbwi ndiye aliyekuja kutuambia. Walifungua mfuko wakakuta vidonge vyeupe tele, bila kopo, bila jina, vimefichwa katika pamba. Nani anaficha dawa hivyo kama si mtu mbaya? Wanasema ni vya waasi.

Kwetu anayebeba hasemi anabeba nini wala anambebea nani. Kwa hiyo Kaka Djamali alisema ni dawa ya tumbo. Askari wakamuuliza: tumbo ya nani, ya batayo muzima, ya waasi wote?

Mama Mkubwa ameketi na kiberiti mkononi, kile tulichochomea karatasi.

Nimekwenda shule kwa sababu sikujua niende wapi. Darasani Divine alikuwa amezungukwa. Baba yake ni Luteni Rémy, mkuu wa bariera ile.

"Papa amekamata muntu wa waasi! Iko na vidonge mufuko muzima!"

"Pengine ni vya SIDA," akasema Ange, yaani UKIMWI.

"Ee Mungu! Basi Papa anawe mikono na petroli!"

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Mdomo ulicheka wenyewe.

Ijumaa, 21 Februari

Mama Mkubwa amevuka mto kwenda kwa Luteni. Amerudi saa tisa, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Amemweleza kila kitu. Luteni akamuuliza karatasi ziko wapi.

"Nilichoma, mon lieutenant."

"Dawa nzuri, unachoma karatasi yake?"

Akaomba ampigie simu daktari wa zone, mkuu wa afya wa eneo letu, aliye safarini Kinshasa. Luteni akakataa. Kwa simu, alisema, kila muntu ni docteur. Mama Mkubwa akasema basi atameza yeye kidonge, mbele ya wote. Luteni akacheka: kwa kumuokoa mutoto wa kaka yako utameza hata sumu. Niletee muntu anayekunywa hii kila siku. Anywe mbele yangu, aniambie yeye ni nani. Nikimuona, nitaamini. La sivyo kesho jioni Djamali anapelekwa mahakama ya kijeshi, na mfuko unaingia motoni.

Na Kampene? Mama Adolphine, mkuu wa kikundi cha kule, amepiga simu tena. Watu wake wameanza kugawana nusu nusu. Nusu nusu haifai kitu! Virusi vinazoea dawa, halafu hakuna dawa tena. Nimesoma hilo, na ninalijua katika mwili wangu pia.

Jioni Mama Mkubwa amezunguka kwa watu wazima wa hapa Kindu. Mmoja: "Présidente, nisamehe, bwana yangu hajui." Mwingine ana duka sokoni, nani atanunua kwake tena? Mwingine hakufungua mlango, ingawa tulisikia redio yake. Hakumlazimisha yeyote. Ndiyo sheria ya mtandao, aliiweka mwenyewe: hakuna anayemtaja mwenzake.

Tumekula kwa kuchelewa. Ameniangalia mara nyingi. Hakuniuliza.

Angeniuliza ningekataa! Ningelia, ningesema mimi mtoto, mimi nina mitihani. Lakini hakuniuliza, na sasa nimebaki na swali lenyewe peke yangu.

Jumamosi, 22 Februari

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya Luteni. Naandika nikisubiri kuitwa.

Mama Mkubwa alitangulia kuja kuomba tena. Nilivaa sare ya shule, nikapanda mtumbwi uliofuata. Sauti yake naisikia ndani. Nimemwambia askari wa mlangoni: mwambie Luteni mgonjwa amefika. Akaangalia nyuma yangu, akitafuta huyo mgonjwa.

Halafu – Divine! Na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, chakula cha baba yake, imefungwa kwa kitambaa.

"Eh, Nuru! Uko unafanya nini huku? Umekuja kuona muntu wa waasi?" Akaketi karibu nami kabisa, bega kwa bega.

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wa kitabu cha kuazima. Haukutoka.

"Nimekuja kumeza dawa yangu," nikasema. "Ile ya mufuko."

Akaanza kucheka. Akaacha katikati.

Hapo mlango ukafunguka. Luteni mwenyewe, Mama Mkubwa nyuma yake. "Mugonjwa iko wapi?" Kwenye benchi tulikuwa wawili tu, wasichana wa sare moja, na alimwangalia Divine kwanza. Niliuona uso wa Luteni. Hofu ile ninaijua.

Nikanyoosha kidole, kama darasani.

"Wewe?"

"Ndiyo, Papa," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa wote.

Mama Mkubwa alijiziba mdomo kwa kitenge. Luteni akamwambia askari alete maji. Akamwambia Divine aende nyumbani. Akarudi ndani na Mama Mkubwa kuutoa ule mfuko, mlango ukafungwa.

Maji yameletwa. Kikombe cha bati, kiko dirishani.

Divine hajaenda. Amesogea mpaka mwisho wa benchi, sufuria magotini, anaangalia viatu vyake. Sasa hivi ameniuliza, polepole sana, kama dawa inakuwa chungu.

Nitamjibu nikishameza. Kitasa kinazunguka.