Njano ya Wenzetu Kwenye Kona ya Bendera Yetu

KIKOSI NA. 2 CHA ASAFO, ASKARI WA JADI WA MJI WA ESUANO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika uani kwa Supi, Jumanne tarehe 26 Februari 1957, siku ambayo mitumbwi haiingii baharini, kuanzia saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
Supi Kwesi Abaidoo, mkuu wa Kikosi – Mwenyekiti
Kapteni Kojo Nyankom
Kapteni Araba Otuwa
Kwamena Tawia, mcheza bendera
Isaac Ekow Bentsil – Katibu
Wanakikosi wengine, pamoja na waliokaa juu ya ukuta ingawa walikatazwa

MWALIKWA
Fundi Ebo Quansah, mshona bendera

ASIYEHUDHURIA
Mzee Atta Kuma (alituma habari kwamba anaumwa, Katibu alimpita njiani akila ugali wa dokono na samaki wa kukaanga)

KUMB. NA. 1/57: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alimwaga kinywaji chini na kuwaita waliotangulia kwa majina. Aliwaomba wajumbe waongee taratibu kwa kuwa ng'ambo ya ukuta ni kwa watu wa Kikosi Na. 1. Ombi hilo halikudumu.

KUMB. NA. 2/57: BENDERA YA KAPTENI ARABA OTUWA

Mwenyekiti alieleza kwamba Kapteni Araba alichaguliwa mwaka jana, lakini kwetu kapteni ambaye bendera yake haijachezwa hadharani ni kapteni wa mdomoni tu. Ilipangwa itoke tarehe 6 Machi, siku ya uhuru, mbele ya wilaya nzima.

Fundi Ebo aliitandaza mkekani. Picha yake ni mwanamke anayevuta wavu peke yake, samaki wamejaa hadi pindoni. Wajumbe walipiga kelele za furaha. Kapteni Nyankom aliuliza wanaume wako wapi kwenye picha hiyo. Kapteni Araba alijibu: "Wamelala, kama kawaida yenu." Mwenyekiti aligonga fimbo mara kadhaa kabla ya kicheko kutulia.

Fundi alionyesha kona ya juu, ambayo ilikuwa tundu. Tangu enzi za babu zetu, kona hiyo ilishonwa bendera ya Mwingereza. Alisema asipoambiwa leo aweke nini hapo, haitakamilika kwa wakati, na asilaumiwe.

KUMB. NA. 3/57: RANGI ZA TAIFA

Katibu alieleza kwamba ofisi ya wilaya imeagiza kona ibebe bendera mpya ya taifa, la sivyo bendera isitoke kabisa. Alionyesha mchoro uliotumwa: nyekundu juu, njano katikati, kijani chini, na nyota nyeusi.

Nyekundu ni yetu. Njano na kijani ni za Kikosi Na. 1, na hapa Esuano hata mtoto anayetambaa hawezi kuvishwa rangi ya wenzake.

Kapteni Nyankom alisimama na kutaka maneno yake yaandikwe yalivyo: "Andika, Katibu, na usinipunguzie. Mimi nitembee chini ya njano? Njano ya wale? Bora nibebe kitenge cha mke wangu!" Mke wake, aliyekuwa juu ya ukuta, alisema kitenge chake hakiendi popote.

Katibu alifafanua kwamba rangi hizo sasa ni za nchi nzima. Kapteni Nyankom aliuliza ni nani huko Accra aliyekuja kuiuliza Esuano. Katibu aliukunja mchoro.

Mwenyekiti alikumbusha sikukuu ya mwaka 1931, kijana wetu mmoja alipojifunga kilemba cha njano kwa mzaha. Kabla jua halijazama walikuwa wamekufa watu wawili: Kofi Otu wa kwetu na Ekow Arhin wa kwao. Kapteni Nyankom alisema kuishona njano leo ni kumfukua Kofi.

Hapo Kapteni Araba alisimama. "Kofi ni kaka yangu mimi, Nyankom, si wako. Nimemlilia mimi. Mwaka mzima naitwa kapteni, watoto wananicheka kwamba bendera yangu iko wapi. Leo nchi inazaliwa, mnataka nikae ndani na tundu langu?" Mwenyekiti aliagiza kura ipigwe.

KUMB. NA. 4/57: WAGENI

Kabla ya kura, ngoma ya Kikosi Na. 1 ililia nje ya lango. Vijana waliokota mawe. Kapteni Nyankom alishika mchi wa jikoni. Katibu alisogea nyuma kidogo ili apate nafasi nzuri ya kuandika.

Aliyeingia ni Kapteni Kobina Arhin, mtoto wa marehemu Ekow Arhin, na wenzake wawili, mikono wazi na chupa ya kinywaji. Alisema: "Supi, hatujaja kwa shari. Tuna shida. Sisi nasi tumeletewa ule mchoro. Tangu asubuhi kwetu hakukaliki. Hiyo nyekundu yenu... tunaomba ruhusa."

Ua mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa ncha ya nguo. Kapteni Arhin aliuliza kwa hasira: "Mnacheka nini? Mnajua ilivyotuuma kuja hapa?" Kapteni Araba alimwonyesha tundu, akamwambia: "Kaa, mwanangu. Na sisi tulikuwa tunagombana kwa ajili ya njano yako."

ILIAMULIWA kwamba Kikosi Na. 2 kitoe kitambaa chekundu kwa ajili ya kona ya wenzetu, nao watoe cha njano na cha kijani kwa ajili ya yetu, kila upande ukate kwa mkono wake. Wote waliafiki. Kapteni Nyankom alisema hapingi, ila wasikate cheusi kabla hawajajua ni cha nani.

KUMB. NA. 5/57: NYOTA

Ilikubalika kwamba nyeusi haina kikosi. Wote tunaivaa mazishini. Fundi Ebo alisema angenunua dukani. Kapteni Araba alikataa. Alikwenda kwake, akarudi na nguo nyeusi aliyoivaa siku ya kumzika Kofi. Alisema nyota ya bendera yake itatoka hapo.

Fundi alikumbusha kwamba bendera yetu huonekana pande zote mbili, kwa hiyo nyota zinahitajika mbili, mgongo kwa mgongo. Kapteni Arhin aliishika ile nguo kwa ncha. Kisha alisema: "Mama Araba, mama yangu naye ameiweka ya baba."

"Basi kailete."

ILIAMULIWA kwamba kila bendera iwe na nyota ya Kofi upande mmoja na nyota ya Ekow upande wa pili. Hapa Katibu hakuandika kwa muda, na kama kuna jambo limerukwa anaomba radhi.

KUMB. NA. 6/57: MENGINEYO

Kapteni Nyankom aliuliza ni nyota ya nani itakayotazama jukwaa la wakubwa. Kelele zilirudi zote, kwa pande zote mbili, na kwa furaha kubwa. Kapteni Arhin alipanda juu ya kigoda. Mke wa Kapteni Nyankom alishuka ukutani ili asikike vizuri.

Kwamena Tawia, mcheza bendera, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alisema: "Nyie watu, mmewahi kuniona nimesimama? Nitazunguka. Atakayetaka kumwona wake, asipepese macho."

Hoja ilifungwa bila kura.

KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo, chupa ya wageni ilipokwisha na ngoma za vikosi vyote viwili zilipokuwa zimeshaanza bila kusubiri ruhusa ya Mwenyekiti. Kapteni Nyankom aliomba iandikwe kwamba kitambaa cha njano kilibebwa na yeye mwenyewe hadi kwa Fundi, kwa sababu mikono ya wengine ilikuwa michafu. Imeandikwa.

Mwenyekiti: Supi Kwesi Abaidoo (dole gumba)

Katibu: I. E. Bentsil

Shahidi: Kobina Arhin, Kikosi Na. 1 (aliomba kusaini, hakuna aliyepinga)