Baba Aliye Nje ya Mlango

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka ugenini, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. Kifua chako kimepoa? Usiingie karakanani kupiga randa bila kitambaa puani. Najua nasema na ukuta, lakini kusema ndiyo kazi iliyonizeesha. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kukaa, hata viatu vimenikataa.

Naandika kwa sababu mara mbili ulikata simu niliposema neno "hospitali". Barua haikatiki katikati. Ataileta dereva wa basi nililokuja nalo, anayegeuza kesho.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Baada ya mpaka sikujua tena jina la mji wowote tuliopita. Tulifika asubuhi ya Krismasi yenyewe, maduka yamefungwa, taa za rangi zinawaka madirishani kwa ajili ya watu wasiotujua. Jirani yangu kitini, muuza mitumba mwenye mdomo, aliniuliza mzee mzima naenda wapi siku ambayo wenzangu wanarudi makwao. Nikamwambia naenda kumwona mwanangu. Akasema basi mimi nina bahati, watoto wake yeye hata kumwona hawataki.

Hospitalini karani wa mapokezi alinipa fomu. Penye "uhusiano na mgonjwa" niliandika "baba", bila hata kufikiri. Akafungua jalada, akaona jina la baba si langu. Nikamweleza kwa lugha ile ya shule, polepole kama niko darasa la tatu, kwamba kwetu kaka wa baba naye ni baba, ndiye baba mkubwa. Akanitazama juu hadi chini, akauliza mkubwa kwa lipi, maana kwa mwili haoni ukubwa wowote. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao, wasije wakanikasirikia. Kisha akasema wodi ya mahututi huingia mzazi au mke tu, na mkuu wao awezaye kuruhusu vinginevyo yuko likizo mpaka sikukuu ziishe. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto wa watu maana za maneno, nikashindwa na neno moja la silabi mbili.

Leo ni siku ya pili niko kwenye benchi. Juu ya mlango wa wodi wamebandika nyota ya karatasi, gundi yake imelegea. Mlango ukifungwa kwa nguvu nyota huanguka, nami huinuka nikaibandika. Ndiyo kazi pekee ninayoweza kumfanyia mwanao, Msumari wetu.

Hali yake sitaificha. Alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya nne wakipiga plasta. Mbavu zimevunjika, na damu inavuja ndani. Wamempasua mara moja, haikukoma. Kesho asubuhi watampasua tena, na daktari hakuniahidi kitu. Utakapoisoma barua hii jambo litakuwa limekwisha kuamuliwa, na mimi na wewe hatukuulizwa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Muuguzi wa mchana, mama mmoja mpole, alisema sheria hawezi kuivunja, lakini ujumbe hauhitaji kitambulisho. Akaingia, akamwambia Msumari baba yake yuko nje, amezuiwa kwa ajili ya karatasi. Alipotoka alisema kijana ameuliza swali la ajabu: je, huyo mzee amesema kwa kinywa chake kwamba yeye ni baba yangu?

Wewe na mimi tunajua alikuwa anauliza nini. Alipochelewa kumzika mama yetu, akafika siku ya tatu na mkoba wake, ulimwambia mbele ya waombolezaji kuanzia leo asikuite baba. Nilikuwepo. Mimi mwenye maneno yote haya, siku ile nilinyamaza.

Nikamjibu muuguzi ndiyo, amwambie nimesema, tena nimeandika. Akarudi, akaniambia kijana amegeukia ukutani akalia, kisha akalala, usingizi wake wa kwanza wa maana tangu aanguke.

Anadhani ni wewe uliye hapa kwenye benchi.

Ningeweza kusahihisha. Unajua sijapata kuliacha kosa la mtu likapita; hata mwaliko wa arusi yako niliurudisha na wino mwekundu. Hili nimeliacha. Sikudanganya, maana mimi ni baba yake, lakini ukweli wangu ameupokea kama wako, na sina haki ya kumpa kitu chako.

Kwa hiyo ukiona namba yangu, usikate. Akiwa ameamka, muuguzi ameahidi kumwekea simu sikioni. Hotuba haihitajiki, hizo niachie mimi. Mwite mwanangu, basi. Na kama hakuamka, utanisikia mimi tu. Hapo pia usikate, kwa kuwa sitajua la kufanya.

Msalimie shemeji. Mwambie sweta aliyoifuma nimempa muuguzi, imeingia ndani kabla yangu.

Nyota imeanguka tena. Acha niinuke.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu